Kusakinisha kompyuta nyingi kwa mkupuo: Kazi, manufaa na hatari zake

KATIKA lugha ya mafundi wa kompyuta nchini, kazi ya kuweka mfumo endeshi kwenye mashine huitwa 'kupiga windows', hata pale mfumo unaowekwa si Windows. Ni kazi ya kila siku katika vibanda vya ufundi, ofisi za halmashauri na maabara za shule, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Fundi huchomeka flashi, huwasha mashine, kisha huanza kujibu maswali. Lugha gani itumike? Saa za eneo gani? Diski igawanywe vipi? Mtumiaji aitwe nani, na neno lake la siri liwe lipi? Mfumo ukishakaa, huanza duru ya pili ya draiva, programu za ofisi, kinga ya virusi, printa na masasisho ya usalama.

Kwa kompyuta moja kazi hiyo huweza kuchukua saa moja hadi mbili. Kwa maabara yenye kompyuta 20, tukichukua makadirio ya saa moja na nusu kwa kila moja, ni saa 30, yaani karibu siku nne za kazi. Sehemu kubwa ya muda huo fundi hafanyi lolote isipokuwa kusubiri swali linalofuata.

Maswali ni yale yale na majibu ni yale yale, lakini binadamu huchoka. Kompyuta ya kwanza na ya ishirini zikikaguliwa kwa makini hugundulika kuwa si sawa: moja saa yake iko nyuma, nyingine haina masasisho, na ya tatu ilisahauliwa kuwekewa neno la siri la msimamizi. Tofauti hizo ndogo ndizo humrudisha fundi kila wiki.

Usakinishaji wa kujiendesha ni jina la jumla la mbinu zinazoondoa maswali hayo. Majibu huandikwa mara moja, huhifadhiwa, na kila mashine huyasoma yenyewe hadi inapokuwa tayari kwa matumizi.

Kishikwambi cha karani wa sensa

Watanzania wengi wamekwisha kukutana na matunda ya mbinu hii bila kujua. Agosti 2022, karani wa sensa alipobisha hodi, mkononi alikuwa na kishikwambi badala ya rundo la madodoso ya karatasi. Vishikwambi takriban 205,000 vilitumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka huo, na kila kimoja kilipaswa kuwa na programu ile ile yenye maswali yale yale. Katika Mkoa wa Simiyu walihesabiwa watu 2,140,497.

Hesabu yake ni rahisi. Lau kila kishikwambi kingeshikwa na fundi kwa dakika 15 tu, zingehitajika saa 51,250. Fundi mmoja anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, angemaliza baada ya miaka 25 na ushee, wakati sensa nyingine mbili zimekwisha kupita.

Baada ya sensa, Serikali iliamua vishikwambi hivyo vigawiwe kwa walimu na watendaji wa elimu. Hapo kazi hugeuka kinyumenyume: dodoso huondolewa, taarifa za awali hufutwa, na kifaa huandaliwa kwa mtumiaji mwingine mwenye mahitaji mengine. Kwa simu na vishikwambi, kazi ya namna hiyo hufanywa na mifumo ya usimamizi wa vifaa. Kifaa kikiwashwa na kupata intaneti hujitambulisha kwenye seva, nayo hukipa orodha ya programu zake pamoja na makatazo yake.

Kompyuta za mezani na za mapajani zina historia ndefu zaidi, na njia zake ni nyingi.

Njia mbili za zamani

Njia ya kwanza ni ile ya majibu yaliyoandikwa. Mapema katika miaka ya 1990 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilikuwa na JumpStart kwa ajili ya mfumo wake wa Solaris. Baadaye Red Hat ilitoa Kickstart kwa upande wa Linux, na Microsoft iliwezesha Windows NT kusakinishwa kwa kusoma faili la maandishi. Mwaka 1999 Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, alianzisha FAI, mradi ambao ungali hai. Usambazaji wa Debian uliotoka Juni 2005 nao ulikuja na utaratibu wake, unaojulikana kama 'preseed'.

Njia ya pili ni kunakili diski nzima. Iliyojipatia jina hapa ni Ghost, programu iliyobuniwa New Zealand katikati ya miaka ya 1990 na kununuliwa na Symantec mwaka 1998. Ghost haikujali majibu wala maswali. Ilichukua diski ya kompyuta moja iliyokamilika, ikaigeuza kuwa faili kubwa, na faili hilo likamwagwa kwenye mashine nyingine. Leo kazi hiyo hufanywa bila malipo na Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, na FOG, ambayo ilianza mwaka 2007.

Inafaa kukumbuka kuwa kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Kwa mafundi wa mikoani wakati intaneti ilikuwa ya kukodi kwa dakika, bahasha hiyo ilikuwa njia ya uhakika ya kupata mfumo endeshi usio wa wizi.

Kompyuta tupu huanzaje?

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: kompyuta ambayo diski yake haina kitu inawezaje kutafuta chochote kwenye mtandao? Jibu limo ndani ya kadi ya mtandao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Intel ilipoweka utaratibu uitwao PXE, kompyuta nyingi za ofisini zina programu ndogo inayoweza kuamka kabla diski haijaguswa.

Programu hiyo huuliza kwenye mtandao wa ndani ni nani awezaye kuipa anwani. Seva ya DHCP huijibu kwa kuipa anwani na kuielekeza lilipo faili la kuanzia. Kompyuta hulivuta faili hilo kwa itifaki ya TFTP, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambayo ni nyepesi kiasi kwamba haina hata neno la siri. Faili hilo huamsha programu ya usakinishaji, nayo hutafuta faili la majibu. Kuanzia hapo kibodi haiguswi tena.

Vifaa vinavyohitajika si vya kutisha: kompyuta ndogo ya mapajani inayofanya kazi ya seva, swichi yenye matundu ya kutosha, na kebo. Intaneti si lazima. Jambo hili halisemwi vya kutosha, na ndilo linaloifanya mbinu hii ifae wilayani kuliko hata mijini. Kila kitu kinachohitajika kinaweza kubebwa katika mkoba mmoja.

Iko tahadhari moja ambayo hupuuzwa na wanaoanza. Ikiwa ofisi tayari ina ruta inayogawa anwani, seva ya pili ikiwashwa kwenye mtandao huo huo zitagombana, na ofisi nzima inaweza kukosa mtandao. Mafundi wazoefu huichomoa swichi ya kazi kutoka mtandao wa ofisi hadi wamalize.

Kasi ya mtandao wa ndani nayo ina hesabu zake. Nakala ya diski yenye ukubwa wa gigabaiti 15, ikipita kwenye swichi ya megabiti 100 kwa sekunde, huchukua dakika 20 kwa kasi kamili. Seva ikiituma kwa kompyuta 20 moja baada ya nyingine, ni dakika 400, karibu saa saba. Lakini Clonezilla na FOG zinaweza kurusha nakala mara moja huku mashine zote zikisikiliza kwa pamoja, mfano wa redio, na dakika zikabaki karibu zile zile 20. Swichi ya gigabiti moja hupunguza muda huo zaidi, ingawa hapo diski zenyewe ndizo huwa kikwazo.

Nakala mama au faili la majibu?

Uamuzi mkubwa wa fundi uko hapa. Nakala mama ina sifa ya kukamilika: printa, programu za ofisi, hata picha ya mandharinyuma vyote vinakuja kama vilivyopangwa. Kwa maabara yenye mashine 20 za aina moja zilizonunuliwa siku moja, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Udhaifu wake ni kwamba huzalisha mapacha. Kompyuta zote hujiita jina moja, hubeba kitambulisho kimoja cha ndani na funguo zile zile za siri. Zikikutana kwenye mtandao, seva haijui ipi ni ipi. Ndiyo sababu Microsoft hutaka mashine ya Windows ipitishwe kwanza kwenye programu ya Sysprep, ambayo huifuta utambulisho wake kabla haijanakiliwa. Kwenye Linux fundi hufuta kitambulisho cha mashine na funguo za SSH ili kila nakala ijitengenezee vyake.

Nakala mama pia huchakaa. Iliyotengenezwa Januari huwa imepitwa na masasisho ya miezi sita ifikapo Julai. Somo hilo lilijulikana kwa uchungu Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilipoenea duniani: kompyuta iliyosakinishwa kutoka CD ya zamani ya Windows XP iliweza kuambukizwa dakika chache tu baada ya kuunganishwa na intaneti, kabla hata haijamaliza kupakua kinga yake.

Faili la majibu lina tabia tofauti. Kwa Debian na Ubuntu ni maandishi matupu, yanayoweza kuhaririwa kwa programu yoyote ya kuandikia. Mstari mmoja hutaja saa za eneo, Africa/Dar_es_Salaam. Mwingine hutaja kibodi. Mingine hueleza mgawanyo wa diski. Kisha hufuata orodha ya programu. Kwa Windows, tangu toleo la Vista la mwaka 2007, majibu huandikwa kwa XML. Faili likipewa jina la autounattend.xml na kuwekwa mahali pa juu kabisa kwenye flashi, programu ya usakinishaji hulisoma bila kuambiwa, hata pasipo mtandao wa aina yoyote.

Kwa kuwa programu huchukuliwa upya kila mara, faili la majibu halizeeki haraka kama nakala mama. Tena halijali sana kama mashine hii ni ya kampuni moja na ile ni ya nyingine, kwa sababu mfumo hujitafutia draiva zake wakati wa kusakinishwa. Ni refu zaidi kuliandaa, na jaribio la kwanza aghalabu hukwama. Lakini lina faida ambayo haihusiani na mashine hata kidogo: linasomeka. Fundi akihamishwa kutoka Maswa kwenda Tandahimba, anayempokea hufungua faili na kuona kila uamuzi uliofanywa. Nakala mama haimwambii chochote, na waliomtangulia mara nyingi wamekwisha kuondoka na maelezo vichwani mwao.

Lugha nayo ni mstari mmoja tu wa majibu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri programu huria iliendelea baadaye katika miradi mingine. Kwa kawaida mtumiaji huachiwa aitafute lugha yake mwenyewe ndani ya menyu za Kiingereza, kazi ambayo wachache huimaliza. Faili la majibu linaweza kuchagua Kiswahili tangu mwanzo kwa kila programu iliyotafsiriwa.

Hali halisi ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una halmashauri sita: Mji wa Bariadi, Wilaya ya Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kutoka Lamadi, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, hadi Bariadi ni zaidi ya kilomita 70, na Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, iko mbali zaidi upande wa kusini mashariki. Shule na zahanati zimetawanyika katikati ya mashamba ya pamba, mbali na barabara ya lami.

Kwa ofisa wa TEHAMA anayehudumia eneo kama hilo, safari ndiyo gharama kubwa. Kompyuta iliyoharibika programu katika kata ya mbali humgharimu siku nzima, hata kama ukarabati wenyewe ni wa saa moja. Flashi yenye faili la majibu ikiachwa kwa mwalimu mkuu msaidizi, pamoja na maelekezo ya mistari mitatu, huweza kuifuta safari hiyo, mradi nyaraka zimehifadhiwa mahali pengine kwanza.

Intaneti ni jambo la pili. Windows ya sasa, kabla ya masasisho, ina ukubwa wa zaidi ya gigabaiti tano. Kompyuta 20 zikiipakua kila moja peke yake ni gigabaiti 100, na anayejua bei ya vifurushi hahitaji kuelezwa zaidi. Mtandao wa ndani hutaka ipakuliwe mara moja tu. Kwa Debian na Ubuntu, ghala la programu na masasisho linaweza kujazwa kwenye diski ya kubebeka huko Mwanza na kusafirishwa kwa basi.

La tatu ni umeme. Ukikatika katikati ya usakinishaji, mashine hubaki nusu nusu, haiwaki wala haizimiki ipasavyo. Hapa mbinu ya kujiendesha haizuii ajali, bali huifanya isiwe msiba: umeme ukirudi, kazi huanza upya bila mtu kuketi tena kujibu maswali. Kinachopaswa kulindwa kwa betri ya akiba ni seva na swichi.

Katika Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential lilichagua njia nyingine kwa shule za sekondari zisizo na umeme wa gridi: kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia nguvu ya jua. Mfumo endeshi wa kompyuta hizo hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu. Kusakinisha ni kunakili kadi, na kukarabati programu ni kuchomoa kadi moja na kuchomeka nyingine. Ni vigumu kupata utaratibu mwepesi kuliko huo kwa shule iliyo mbali na fundi.

Jambo la nne ni mchanganyiko wa mashine. Kompyuta nyingi za shule hutoka kwa wafadhili zikiwa zimetumika, za kampuni tofauti na miaka tofauti. Mashirika kama Camara la Ireland, lililowahi kufanya kazi Tanzania na Kenya, yalizoea kufuta diski na kusakinisha upya programu za kujifunzia kwa wingi kabla ya kuzifikisha shuleni. Shule inayopokea msaada usiopitia mikono ya namna hiyo hubaki na kazi yote, na kwa mchanganyiko huo nakala mama moja haitoshi.

Kosa moja, mashine zote

Mkulima wa pamba anajua maana ya mbegu mbaya: haiharibu mche mmoja, huharibu shamba. Usakinishaji wa kujiendesha una hatari hiyo hiyo. Neno la siri lililokosewa mara moja limekosewa mara ishirini, na kirusi kilichojificha kwenye nakala mama huwa kimesambazwa na fundi mwenyewe.

Mfano unaotajwa sana na wataalamu ni wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani. Mei 2014 amri ya kusakinisha Windows 7 ilitumwa kimakosa kwa kompyuta zote za Windows zilizosimamiwa na mfumo wao. Mashine zikaanza kufuta diski na kujisakinisha upya, na kufikia wakati kosa lilipogunduliwa, hata seva iliyotuma amri ilikuwa imejifuta yenyewe. Miaka kumi baadaye, Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani, kwa makadirio ya Microsoft, na kuvuruga safari za ndege, benki na hospitali.

Bariadi hakuna mashine milioni nane, lakini kanuni ni ile ile. Faili la majibu linaloamuru diski ifutwe bila kuuliza ni silaha iliyokokiwa. Likiachwa kwenye seva ya ofisi huku kompyuta ya mhasibu imepangwa kuanza kwa mtandao, siku moja mhasibu ataiwasha asubuhi na kukuta mashine mpya isiyo na hata waraka mmoja wa jana. Kwa sababu hiyo chaguo la kwanza kwenye menyu ya seva linapaswa kuwa kuendelea na diski ya ndani, na usakinishaji uchaguliwe kwa makusudi.

Kadhalika, faili la majibu mara nyingi hubeba maneno ya siri, na anayeliona huweza kuyasoma. La Windows huyaficha kwa namna ambayo mtaalamu huifichua kwa sekunde chache. Wenye busara huweka neno la muda na kulibadili baada ya kazi.

Leseni na taarifa za watu

Nakala mama nyingi zinazouzwa mitaani zina Windows iliyovunjwa kufuli. Mteja hulipa kidogo na kuondoka ameridhika. Asichokijua ni kilichoongezwa ndani na aliyevunja kufuli hilo, kwani mara nyingi sharti la kwanza la programu hizo ni kuzima kinga ya virusi. Kwa mtu binafsi hiyo ni bahati nasibu. Kwa shule au ofisi inayohifadhi alama za wanafunzi na mishahara ya watumishi, ni kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za kabati.

Ikumbukwe pia kwamba leseni ya Windows inayokuja na kompyuta iliyonunuliwa hufungamana na mashine hiyo, na haitoi ruhusa ya moja kwa moja kusambaza nakala mama kwa mashine nyingine. Taasisi inayotaka kufanya hivyo kihalali huhitaji leseni ya jumla. Mifumo huria haina kikwazo hicho, na hiyo ni sababu mojawapo ya mbinu hizi kukua haraka upande wa Linux.

Upande wa pili wa kusakinisha ni kufuta. Kusakinisha upya hakufuti kila kilichokuwemo. Programu za kurejesha mafaili huweza kuibua barua na picha za mmiliki wa awali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Diski ya kituo cha afya inayohamishiwa darasani bila kufutwa kwa dhati ni kosa linalosubiri kugunduliwa. Kazi hiyo nayo hujiendesha: seva ile ile ya PXE inaweza kuamsha programu ya kufuta diski kabla ya kusakinisha.

Baada ya Windows 10

Habari njema kwa ofisi za umma ni kwamba orodha ya programu za kusakinisha imepungua. Mifumo kama MUSE ya malipo ya Serikali hutumika kwa kivinjari, kwa hiyo kompyuta ya ofisini huhitaji kivinjari kilichosasishwa, programu za ofisi, kinga ya virusi na draiva ya printa. Orodha fupi ni rahisi kuiandikia faili la majibu.

Habari isiyopendeza ni kwamba kazi yenyewe haiepukiki tena. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakato kisicho cha kabla ya kizazi cha nane isipokuwa vichache, masharti ambayo mashine nyingi za misaada haziyatimizi. Taasisi zinaweza kununua masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 2028, kwa bei inayopanda kila mwaka. Vinginevyo zinunue mashine mpya, au zile za zamani zihamishiwe Linux.

Lolote litakaloamuliwa, zitaguswa kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na ndipo maandalizi huonekana. Fundi anayeanza hufanyia majaribio mashine mbili za aina tofauti, kamwe si ishirini. Huhifadhi kwanza nyaraka za watumiaji kwenye diski ya nje na kuzifungua kuhakikisha zinasomeka. Hutenga swichi, huwasha seva, kisha huwasha kompyuta moja na kukaa pembeni. Ikiwaka yenyewe hadi mwisho, ikaonyesha saa za Afrika Mashariki, ikachapa ukurasa mmoja kwenye printa na ikajiita jina lililo tofauti na la jirani yake, ndipo nyingine 18 huwashwa.